Mitumba ya mtandaoni kutoka Moshi: ninunue nini kwa laki mbili?

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Pasua hapa Moshi, nina watoto wawili. Nimeweka akiba ya shilingi laki mbili, nataka niwe nachukua mitumba kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni nauza Instagram na WhatsApp. Nimeshajaribu na blauzi 15, nzuri kabisa, zimetoka nne tu. Kila mteja ananiambia bei yangu iko juu kuliko sokoni. Rafiki yangu anataka tuchange tununue belo, yaani robota zima la mitumba lililofungwa. Mwingine anasema niwinde nguo za majina makubwa niuze nje kwa dola. Nishauri dada yangu, maana hela yenyewe ndiyo hiyo hiyo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuweka akiba huku unalea. Ngoja nianzie kwenye blauzi, kwa sababu ndizo zinazoeleza mengine yote.

Wateja wako wamekwambia ukweli. Mtu anayeishi Majengo au Njoro anafika Memorial kwa nauli ndogo, anachagua kwa mkono wake, anashika kitambaa, anavutana bei mpaka inashuka. Wewe blauzi hiyo hiyo umeinunua pale pale, umeifua, umeipiga picha na umeongeza chako juu. Zaidi ya hapo, muuzaji wa mezani anazijua blauzi kuliko mimi na wewe. Kabla hujanyoosha mkono anajua ipi itaondoka kwa elfu tatu na ipi kwa elfu saba. Zile 11 zilizobaki ziuze kwa bei uliyonunulia, kwa majirani au kwa wenzako kwenye vikoba, hela irudi. Usizisubiri.

Anayenunua sokoni na kuuza mtandaoni anaishi kwa pengo. Ama mteja yuko mbali na mzigo, ama mzigo una thamani ambayo muuzaji wa soko hana nafasi ya kuichunguza kipande kwa kipande. Moshi imejaliwa bidhaa yenye mapengo yote mawili, nayo ni nguo za baridi na vifaa vya mlima. Majaketi ya mvua, sweta za sufu, flisi, suruali za kupandia, glavu, kofia, buti. Mtu wa Dar es Salaam anayetafuta jaketi la kweli la baridi hazungukii Ilala akalipata kirahisi, maana huko halina wateja wa kila siku. Kwetu lipo, kwa sababu baridi ipo na mlima upo.

Sasa fikiria wateja kabla ya kufikiria nguo. Wa kwanza ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Shule zinafunguliwa Julai, kilele cha baridi, na kijana aliyekulia Tanga au Mtwara anapangiwa shule Njombe, Makete au Mbulu. Mzazi wake anataka sweta nzito na jaketi ndani ya wiki mbili, na hajui aanzie wapi. Huyu ni mteja wa dhahabu: ana haraka, ana sababu, na hana soko la karibu la kukulinganisha nalo. Mwezi Januari wanakuja wenzake wa kidato cha kwanza wa bweni. Kwao sweta za rangi moja zisizo na maandishi, hasa buluu iliyoiva na kijani, ndizo zinazotoka, kwa sababu shule nyingi haziruhusu mapambo.

Wa pili ni Mtanzania anayepanda Kilimanjaro. Kila Desemba makundi hupanda kuadhimisha Uhuru, tarehe 9, na wengi wao wanatoka mikoa ya joto. Kukodi vifaa hapa mjini kunawezekana, lakini wapo wanaotaka vya kwao, na wanaanza kuulizia Oktoba na Novemba. Wa tatu ni waongoza watalii na wapagazi wenyewe. Misimu yao mikubwa ni Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, halafu Juni mpaka Oktoba. Wapagazi wanaweza kuazima nguo bure kwenye KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapa hapa Moshi, kwa hiyo usitegemee kuwauzia wanaoanza kazi. Wanunuzi ni wale waliokwisha kupanda mara nyingi na wanataka jaketi lao wenyewe. Watu hawa wanajua vifaa. Ukiwauzia kitu kibovu, kijiwe kizima kitajua kabla ya jioni, na ukiwauzia kizuri watakuletea wateja ambao hakuna tangazo lingewaleta.

Na hapa ndipo ujuzi unapolipa, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Jaketi la mvua la bei kubwa kwa nje linaweza kuonekana jipya na ndani likawa limekufa. Ligeuze. Tazama utepe unaofunika mishono kwa ndani: ukiwa umebanduka au unainuka ukiukwangua kwa kucha, maji yatapita. Kisha pitisha kiganja kwenye ule utando wa ndani. Ukiwa unanata, unatoa unga mweupe au una mapovu kama rangi ya ukutani iliyovimba, liache hata kama linauzwa elfu mbili, kwa sababu utando ukishaachana na kitambaa hakuna fundi wa kuurudisha. Lakini likiwa zima ndani, na tatizo ni kwamba maji yanalowesha kitambaa cha juu badala ya kuteleza, hilo linatibika. Mara nyingi ni uchafu na mabaki ya sabuni. Lifue kwa sabuni laini, suuza zaidi ya unavyodhani inatosha, usiweke kabisa ile dawa ya kulainisha nguo, likauke kivulini, halafu lipashe moto kidogo kwa pasi ya chini ukiwa umeweka kitambaa katikati. Mara nyingi matone yanaanza kuteleza tena. Muuzaji wa mezani hana muda wa kufanya hivyo, na muda wako huo ndio sehemu ya faida yako.

Majaketi yaliyojazwa manyoya ya bata yashike kwa viganja viwili, yaminye, uachie. Zima linarudi kuvimba polepole. Lililojaa mabonge magumu ama lilifuliwa likakaushwa vibaya ama limeota ukungu, linuse. Harufu ya dawa ya mitumba inatoka kwa kufua na jua, ukungu uliokomaa ndani ya manyoya hautoki. Ukilifua zuri, likung'ute na ulipapase kila baada ya saa moja likiwa juani mpaka usisikie bonge hata moja. Inachukua siku mbili, wakati mwingine tatu kukiwa na mawingu. Usiliuze likiwa na unyevu, litaoza njiani ndani ya mfuko.

Buti ndizo zinazowaponza wengi, nami nakuomba uwe mkali nazo kuliko kitu kingine chochote. Buti nyingi za mlima zina soli ya kati ya poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewani huivunja nyenzo hiyo taratibu kadiri miaka inavyokwenda, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Unaona ngozi inang'aa, kamba mpya, soli ya chini haijalika, unadhani umeokota bahati. Siku ya pili mlimani soli inaachia yote. Kwa hiyo bonyeza ule ukuta wa soli ya kati kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote, kisha kunja kiatu. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au kidole kinaacha shimo lisilorudi, au kuna chembe zinazodondoka, kirudishe. Kuna mtu atakayekivaa kwenye mawe na barafu kuelekea mita 5,895. Buti usiyo na uhakika nayo usiiuze kwa mtu wa mlima kwa bei yoyote.

Sweta za sufu ni hazina inayopitwa sana, hasa kwenye lundo la bei ya chini. Soma lebo ya ndani. Mzigo ukitoka Ujerumani sufu imeandikwa Wolle, ukitoka Ufaransa imeandikwa laine, na manyoya ya bata huko Ujerumani ni Daunen. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani nyumbani baada ya kununua, uuchome: sufu inanuka nywele iliyoungua na inaacha jivu linalosagika, plastiki inayeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Angalia matundu ya nondo kwa kuinyoosha sweta mbele ya mwanga. Tundu moja kwapani linashonwa, matundu kifuani yanaua bei.

Kuhusu majina makubwa, rafiki yako yuko sahihi nusu. The North Face na Columbia kila muuzaji wa Moshi anayajua, na bei yake imeshapanda kabla hujafika. Jina hilo hilo la kwanza ndilo linaloigwa zaidi, kwa hiyo unalipa zaidi kwa kitu chenye hatari zaidi. Jifunze majina ambayo soko halijayakariri: Berghaus na Rab za Uingereza, Jack Wolfskin na Vaude za Ujerumani, Haglöfs na Fjällräven za Sweden, Mammut ya Uswisi, Marmot na Mountain Hardwear za Marekani. Jaketi la Vaude mara nyingi linalala kwenye lundo la mchanganyiko kwa bei ya jaketi lisilo na jina. Na ukikuta nembo kubwa kwenye kitu ambacho mishono yake inakwenda kombo, zipu nyepesi inayokwama na lebo ya ndani yenye makosa ya tahajia, hiyo ni feki. Bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa sheria ya alama za bidhaa, kwa hiyo usiandike neno orijino kwenye kitu usichoweza kukitetea. Mara nyingi huhitaji hata kulitaja. Picha ya karibu ya lebo na mishono inatosha kwa mwenye macho.

Sasa sokoni kwenyewe. Thamani ya belo inashuka tangu linapokatwa kamba. Waliopo wakati huo wanachagua kwa bei ya juu, baada yao wanakuja wa bei ya kati, na mabaki yanamwagwa kwenye turubai yapigiwe mnada buku buku. Vifaa vya mlima vitafute kwenye uchaguzi wa kwanza, kwa sababu havifiki kwenye turubai vikiwa vizima. Sweta za sufu na nguo za watoto za baridi zitafute kwenye turubai, kwa sababu wengi wanaangalia rangi na hawasomi lebo. Chagua wauzaji wawili au watatu wa majaketi, si kumi. Waulize wanafungua lini, waachie namba, na siku wakikupigia nenda, hata kama utanunua kimoja. Usiwakandamize bei mpaka tone la mwisho. Muuzaji anayejua kwamba unalipa vizuri na huchelewi atakuwekea jaketi chini ya meza. Kiboriloni vivyo hivyo, na ukipata safari ya Arusha pitia Kilombero, na Tengeru siku za gulio. Mtu akikuletea kifaa kipya cha mlima mkononi kwa bei ya ajabu, muulize kimetoka wapi. Watalii huwaachia wapagazi vitu kama zawadi na wao huviuza, hiyo ni halali kabisa, lakini vifaa huibiwa pia.

Belo, kwa laki mbili, hapana. Belo la kawaida la kilo 45 la majaketi mazuri linazidi mtaji wenu, na mkichanga ninyi wawili mtaishia kununua la daraja la chini. Hamlioni ndani mpaka mmelilipia. Tena mzigo unaotufikia ulishachambuliwa huko ulikotoka: wachambuzi wa Ulaya hutoa kwanza vipande bora vya kuuzwa madukani kwao, na vinavyobaki ndivyo vinavyofungwa kuja huku. Mwenye meza anamudu hasara ya belo bovu kwa sababu ana lingine wiki ijayo. Wewe huna. Mwache yeye abebe hatari hiyo, umlipe kidogo kwa kukuruhusu uchague.

Na usinunue belo kwa kusikia uvumi kwamba mitumba inapigwa marufuku. Uvumi huo hurudi kila baada ya muda. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wa kuuza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, Tanzania ikalegeza, na Rwanda iliyoshikilia msimamo wake ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani mwaka 2018. Masoko yetu hayajafungwa. Marufuku unayotakiwa kuiheshimu kila siku ni ile ya Shirika la Viwango, TBS, kuhusu nguo za ndani za mitumba. Hata uzikute nzuri vipi, usizichukue.

Habari ya dola iache kwa sasa. Kutuma kifurushi kimoja nje kunaweza kugharimu kuliko jaketi lenyewe, na mnunuzi wa Ulaya ana maduka ya mitumba yaliyochukua vipande bora kabla yetu. Soko lako liko Njombe, Mbeya, Iringa, Dar na Dodoma, mahali basi linapofika kesho yake.

Kwenye ukurasa wako, mdogo wangu, acha kuandika njoo inboksi kwa bei. Mteja wa Mbeya anayekuogopa kwa sababu hakujui anaona kama unapima mfuko wake kwanza. Andika bei. Piga picha kivulini asubuhi, nguo ikiwa imetundikwa kwenye ukuta usio na maua, mbele, nyuma, lebo, zipu, na kasoro. Kasoro ipige karibu, na uweke kidole pembeni ionekane ukubwa wake. Usitumie kamwe picha uliyoikuta mtandaoni. Namba za lebo usizitegemee, kwa sababu 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani na 40 ya Ufaransa, na mitumba inakuja yote ikiwa imechanganyika. Nunua futi ya fundi, pima kwapa kwa kwapa, urefu wa mgongo na urefu wa mkono, uandike kwa sentimita. Mwambie mteja apime jaketi lake linalomtosha alinganishe. Hilo peke yake linapunguza sana malalamiko ya halinienei.

Mteja wa hapa mjini alipe akipokea. Wa mkoani alipe kwanza kwa simu, lakini umpe sababu ya kukuamini: video fupi ukilifunga jaketi lake huku ukitaja jina lake, na picha ya risiti ya kifurushi kutoka stendi siku hiyo hiyo. Nauli ya basi iseme mapema na uiache iwe yake. Na mruhusu kurudisha ndani ya siku tatu endapo kitu hakifanani na maelezo. Ukiandika kasoro kwa uaminifu, ni wachache watakaorudisha.

Sasa hesabu, na nitatumia mfano. Tuseme jaketi umelinunua 15,000, zipu 2,000, sabuni 500, usafiri na bando 2,000. Limekugharimu 19,500. Ukiliuza 32,000 unabaki na 12,500. Inapendeza. Lakini chukua kumi ya aina hiyo. Yakitoka manane na mawili yakalala, faida ya manane ni laki moja, toa 39,000 iliyolala, unabaki na 61,000. Yakitoka sita na manne yakalala, faida ni 75,000 na iliyolala ni 78,000. Umefanya kazi mwezi mzima na umepoteza elfu tatu. Kwa hiyo swali la sokoni si hili jaketi ni rahisi kiasi gani, ni nani atalinunua na mwezi gani. Ukishindwa kumtaja mtu wa aina fulani, rudisha mezani. Kitu kikikaa siku 30 shusha bei, kikifika 60 kiuze kwa bei ya kununulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo nunua daftari: tarehe, umenunua wapi, gharama zote, umeuza lini, kwa nani. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakufundisha kuliko mimi.

Laki mbili igawe hivi. Laki moja na elfu kumi nunua vipande, vichache na vizuri, visizidi kumi. Elfu 40 iwe ya kufua, fundi, usafiri, bando na mifuko. Elfu 50 ikae kwenye simu bila kuguswa, ili siku muuzaji wako akikupigia kwamba anakata belo la majaketi usiwe unahangaika kukopa. Faida ya mwezi wa kwanza na wa pili irudi yote kwenye mzigo kama nyumbani mnaweza kuvumilia. Kuanzia Mei jaza sweta nzito na majaketi kwa ajili ya Juni na Julai; Februari weka makoti ya mvua kabla masika haijaanza; Septemba anza kukusanya ya mlimani.

Na chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA, mapema. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio, na ukivuka hapo, kiwango cha mwenye kumbukumbu za mauzo ni tofauti na cha asiye nazo. Siku ukienda ofisini kwao, beba lile daftari.